Mama Aliyejifungua na Uzito Wake

Mimba huchukua miezi tisa. Katika miezi hiyo mwili wa mama hukua kidogo kidogo, na kila mtu huona ni kawaida. Lakini mtoto akishazaliwa, watu wanataka mwili urudi upesi. Wiki ya pili tu jirani anauliza, "Mbona tumbo bado liko? Unafunga kanga kweli?"

Mama akisikia hivyo huanza kufanya haraka. Wengine hujifunga kanga mpaka hawapumui vizuri. Wengine huacha kula usiku. Wengine hununua sokoni majani ya kuchemsha, au dukani vidonge vya kupunguza mwili.

Ndugu msomaji, tuangalie kwanza uzito ule ni wa nini. Ukijua ni wa nini, utajua upungue kwa njia gani.

Kilo zile zimetoka wapi?

Tuchukue mfano wa mama mmoja. Kabla ya mimba alikuwa na kilo 55. Siku ya kujifungua alikuwa na kilo 67. Ameongezeka kilo 12. Hiyo ni kawaida. Mama mwenye uzito wa wastani huongezeka kilo 11 hadi 16 hivi.

Mtoto wake alikuwa na kilo 3. Kondo la nyuma lilikuwa na nusu kilo na zaidi kidogo. Maji yaliyomzunguka mtoto yalikuwa karibu kilo 1. Damu nayo ilitoka. Vyote hivyo vilitoka siku ile ile. Kesho yake mama akipimwa atakuta kama kilo 62. Atashangaa: "Nimekwisha kuzaa, kilo 7 hizi ni za nani?"

Sehemu ya kilo hizo ni maji. Wakati wa mimba mwili huongeza damu na maji. Baada ya kuzaa maji hayo hutoka kwa mkojo na kwa jasho. Ndiyo sababu siku za kwanza mzazi hukojoa mara nyingi, na usiku hulowa jasho. Kama hana homa, hilo si jambo la kuogopa.

Sehemu nyingine ni mji wa mimba, yaani nyumba ya mtoto. Siku ya kujifungua mji wa mimba una kilo 1 hivi. Kisha hujikaza wenyewe kila siku. Baada ya wiki sita hubaki gramu 60 au 70 tu. Mtoto anaponyonya, mama husikia tumbo likimkata kidogo. Huo ndio mji wa mimba unajikaza. Kumbe mtoto mwenyewe anamsaidia mama yake, na kanga haiwezi kuifanya kazi hiyo.

Zinabaki kama kilo 4. Hizo ni mafuta. Wewe mkulima unajua kwa nini tunaweka mahindi ghalani. Tunaweka kwa sababu iko miezi ambayo shamba halitoi kitu. Mwili wa mama nao uliweka akiba, na akiba hiyo ni ya kutengeneza maziwa. Mtoto wa miezi michache hunyonya karibu robo tatu ya lita kwa siku. Maziwa hayo hutoka katika chakula anachokula mama, na katika akiba ile. Kwa hiyo mama anayempa mtoto maziwa yake tu kwa miezi sita, bila maji wala uji, anatumia akiba yake kila siku, hata akiwa amekaa mkekani.

Miili haifanani. Mama mmoja hurudia uzito wake katika miezi mitano au sita. Mwingine huchukua mwaka mzima. Usijipime kwa dada yako. Wala usijipime kwa picha za simu.

Ukijinyima chakula

Mama anayenyonyesha anahitaji chakula zaidi kuliko mama asiyenyonyesha. Kila siku anahitaji kama mlo mmoja mdogo wa nyongeza. Akijinyima, mwili humtanguliza mtoto. Maziwa huendelea kutoka, na mama ndiye anayepungukiwa. Damu aliyoipoteza wakati wa kuzaa hairudi upesi. Anaona kizunguzungu. Anachoka kabla ya saa nne asubuhi. Ukifunua kope lake la chini, ndani pamekuwa peupe.

Akizidi kujinyima, maziwa nayo hupungua. Utaliona jambo hili katika kadi ya kliniki. Mstari wa mtoto uliokuwa ukipanda unaanza kulala. Hapo maneno huanza kijijini. Watu husema mtoto amebemendwa. Baba anashukiwa kwamba anatoka nje, mama anasemwa kisimani, nyumba inakosa amani. Pengine mtoto anaumwa, na hilo ni la kupimwa zahanati. Lakini pengine mama yake amekuwa akilala na njaa ili tumbo lake lipungue.

Habari ya kanga

Mila ya kumfunga mzazi tumbo ni ya zamani, nami sisemi iachwe kabisa. Kanga iliyofungwa kwa kiasi hushika mgongo, na mama hujisikia vizuri anapotembea. Lakini kanga haiyeyushi mafuta.

Chukua mfuko wa unga uliojaa, uminye katikati. Unga utakwenda wapi? Mwingine utapanda juu, mwingine utashuka chini. Tumbo likikazwa sana huwa hivyo hivyo. Huko chini ndiko kuliko na misuli iliyotanuka wakati wa kuzaa, na bado ni dhaifu. Ikisukumwa kutoka juu, mama anaweza kuanza kutokwa mkojo akikohoa au akicheka. Anaweza kusikia kitu kizito kinashuka ukeni. Wako wanawake wengi wanaoishi na shida hiyo kimya kimya, kwa sababu ya haya.

Kwa hiyo ukifunga, funga hivi: vidole vyako vyote vipite kati ya kanga na tumbo, na uweze kula na kupumua bila shida. Usiku fungua. Kama ulipasuliwa, muulize mwuguzi kabla ya kufunga kitu chochote juu ya kidonda.

Kukanda tumbo kwa maji ya moto sana ni hatari. Huunguza ngozi, wala hakusafishi kitu ndani.

Kama unataka misuli ya tumbo na ya chini irudi, ifanyishe kazi kidogo kidogo. Kaa au lala. Bana misuli ya chini kama mtu anayezuia mkojo. Hesabu moja hadi tano, kisha legeza. Fanya mara kumi, asubuhi, mchana na jioni. Hakuna atakayejua kwamba unafanya mazoezi, hata ukiwa katika foleni ya kliniki. Kama ulizaa kwa njia ya kawaida na hujambo, unaweza kuanza siku chache tu baada ya kujifungua. Kutembea kidogo ni kuzuri pia. Anza kwa kuzunguka nyumba, kisha kwa jirani, kisha mbali zaidi.

Baada ya wiki nane jipime tumbo. Lala chali, kunja magoti, inua kichwa kidogo. Gusa katikati ya tumbo, karibu na kitovu. Kama kuna ufa unaopitisha vidole zaidi ya viwili, misuli bado imeachana. Mwoneshe mwuguzi. Tumbo la namna hiyo halipungui kwa kujinyima chakula, kwa sababu si mafuta yanayolitokeza.

Ndoo ya maji

Hapa naomba akina baba nao wasome. Ndoo ya lita 20 ina uzito wa kilo 20. Mzigo wa kuni mara nyingi huzidi hapo. Mama aliyepasuliwa hatakiwi kuinua kitu kizito kuliko mtoto wake kwa wiki sita. Hata aliyezaa kwa njia ya kawaida anahitaji kungoja. Wako watu wanaosema kazi ngumu ndiyo itakayompunguza. Hiyo si kweli. Mzigo mzito husukuma chini misuli ile ile niliyoitaja.

Mwajiriwa katika nchi yetu ya Tanzania hupewa kwa sheria siku 84 za likizo ya uzazi, na siku 100 akizaa zaidi ya mtoto mmoja. Mama mkulima hana wa kumwandikia likizo. Likizo yake ni mume wake, mama mkwe na majirani. Baba mwenye baiskeli anaweza kuleta madumu mawili ya maji kabla ya kwenda shamba. Atakayemcheka, acheke.

Chakula cha mzazi

Uchagani mzazi hupewa mtori. Pwani hupewa uji wa pilipili manga na mchuzi wa kuku. Hivi ni vyakula vizuri. Mama mkwe aliyekupikia mtori hakukosea, usiukatae. Tatizo linakuja pale ambapo mzazi hutakiwa kunenepa ili kijiji kione kwamba ametunzwa. Uji unajazwa sukari na siagi, soda kila siku, maandazi kila asubuhi, wala mboga za majani hazionekani.

Kama wiki sita zimepita, unataka kupungua, na mwuguzi amekupima na kuona u mzima, usianze kwa kuacha mlo. Anza na sukari. Punguza vijiko katika chai mpaka ubaki na kimoja, au hata bila. Soda iwe ya sikukuu. Maandazi na chipsi vipungue, maana vimekunywa mafuta. Donge la ugali lipungue kidogo, lakini maharage, kunde, dagaa, mchicha, kisamvu na matembele viongezeke. Kula na mapera au chungwa, kwa sababu matunda hayo husaidia mwili kupokea madini ya chuma yaliyo katika mboga, nayo ndiyo yanayoongeza damu. Chai usinywe pamoja na chakula, ngoja kama saa moja. Maji kunywa kila usikiapo kiu. Pombe haiongezi maziwa. Huingia katika maziwa na kumfikia mtoto.

Ukifanya hivyo unaweza kupungua kilo 1 kwa mwezi, au kilo 2. Zaidi ya hapo ni haraka mno kwa mama anayenyonyesha. Vidonge vya kupunguza mwili na majani ya kuharisha usitumie kabisa. Dawa nyingi anazokunywa mama hupita katika maziwa. Na anayeharisha hapotezi mafuta, anapoteza maji.

Jambo moja husahaulika. Sindano ya uzazi wa mpango huwaongezea uzito baadhi ya wanawake. Ukiona hivyo, usiiache kimya kimya. Mwambie mwuguzi, ziko njia nyingine. Mimba mpya kabla mtoto hajafikisha miaka miwili itauchosha mwili kuliko hizo kilo chache.

Kupungua kusiko kwa kawaida

Mama akipungua, watu humsifu. "Umerudi kama msichana!" Lakini wako waliosifiwa hivyo huku wanaumwa. Kama unapungua haraka bila kutaka, na una kikohozi cha wiki mbili au zaidi, au homa, au jasho la usiku ambalo haliishi, nenda ukapimwe kifua kikuu. Pima na virusi vya UKIMWI pia. Kifua kikuu hutibiwa bila malipo, na mama mwenye virusi akimeza dawa zake kila siku hukaa na afya njema na kumlinda mtoto wake.

Mwingine hupungua kwa sababu ya huzuni. Hali, halali hata mtoto akilala, analia bila kujua analia nini. Ikipita wiki mbili, huo si uvivu wala si kudeka. Ni ugonjwa unaotibika. Mtu wa nyumbani amsindikize zahanati.

Yako mengine yasiyongoja hata kesho. Damu nyingi inayolowesha kitambaa chote kwa saa moja. Homa pamoja na uchafu unaonuka. Kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu, uso kuvimba. Mguu mmoja kuvimba na kuuma. Kupumua kwa shida. Ukiona moja kati ya hayo, nenda hospitali siku hiyo hiyo, usiku au mchana, hata kama arobaini haijafika na mila inasema mzazi asitoke ndani.

Kliniki ya mama baada ya kuzaa si ya mtoto peke yake. Nenda katika siku mbili za kwanza, kabla ya wiki kwisha, kabla ya mwezi kwisha, na tena kabla ya siku ya 42. Ukifika, waambie wakupime na wewe: uzito, damu na presha.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Mama ana kilo 64 wiki ya sita. Kabla ya mimba alikuwa na kilo 58. Akipungua kilo 1 kila mwezi, atachukua miezi mingapi? Mwenye duka akimwambia kwamba vidonge vyake vitaziondoa kilo hizo kwa wiki mbili, amjibu nini?

2. Katika kijiji chetu, nani humchotea maji mama aliyejifungua? Kwa siku ngapi?

3. Mtoto asipoongezeka uzito, watu wa hapa husema nini? Je, kuna aliyemwuliza mama yake amekula nini jana?