Lugha ina mjomba, nyumba haina

Mpwa wangu anasoma Chuo Kikuu cha Moi, kule Eldoret, na tangu mwaka jana amejiongezea somo la Kichina. Nilipokwenda kumjulia hali, tulikaa ndani na chai ya tangawizi, maana baridi ya Eldoret si ya mtu wa Mombasa, akanifungulia daftari lake. Ukurasa mzima ulikuwa ni majina ya jamaa. Ami aliye mkubwa kwa baba ni bobo, aliye mdogo kwa baba ni shushu. Shangazi ni gugu. Mjomba ni jiujiu. Hata watoto wa ami hawaitwi jina moja na watoto wa shangazi.

"Mjomba, hawa watu ni kama sisi," akaniambia.

Nikamuuliza kama amepata kuhesabu ni Wachina wangapi wa rika lake walio na mjomba. Hakunielewa, na simlaumu. Sisi huku Pwani tunamjua Mchina kwa reli ya SGR, kwa bandari ya Lamu na kwa simu za bei nafuu. Eldoret nako wanamjua kwa masomo: chuo cha Moi, chenye kiwanda cha nguo cha Rivatex, kilifungua Taasisi ya Confucius mwaka 2015 pamoja na Chuo Kikuu cha Donghua cha Shanghai, ambacho asili yake ni mambo ya nguo. Nyumbani kwake Mchina hatujaingia.

Jambo lenyewe ni hili. Mwaka 1980 serikali ya China iliwaamuru watu wake wazae mtoto mmoja. Si wote waliobanwa sawasawa. Wakulima wengi waliruhusiwa wa pili iwapo wa kwanza ni msichana, na makabila madogo yalilegezewa zaidi. (Yaliyowapata baadaye ndugu zetu Waislamu wa Uighur kule Xinjiang ni mazito, na yanataka makala yake peke yake.) Lakini mjini, kwa mfanyakazi wa kawaida, ilikuwa mtoto mmoja basi, na aliyezidisha alitozwa faini au alipoteza kazi. Amri hiyo ilidumu mpaka mwisho wa 2015.

Sasa piga hesabu. Mtoto aliyezaliwa peke yake hana kaka wala dada. Akioa mwenzake aliyezaliwa peke yake, mtoto wao hatakuwa na ami, shangazi, mjomba wala mama mdogo. Hana binamu hata mmoja. Ana baba, mama, na wazee wanne wanaomtazama yeye tu. Yale majina ya kwenye daftari la mpwa wangu yapo katika kamusi, lakini katika nyumba nyingi za mijini hakuna wa kuitwa.

Huko ndiko zinakotoka shida nyingi za kila siku unazosikia China. Chukua wazee. Hesabu ya watu ya 2020 ilionyesha wenye miaka 60 na zaidi ni milioni 264. Mwana yuko Shenzhen kiwandani, wazazi wako kijijini, na hakuna ndugu wa kupokezana naye zamu. Mambo yalifika mahali serikali ikatunga sheria, ikaanza kufanya kazi Julai 1, 2013, kwamba wana wanaoishi mbali lazima wawatembelee wazazi wao au wawajulie hali mara kwa mara. Siku hiyohiyo mahakama ya mji wa Wuxi ilimwamuru binti mmoja amzuru mamake, mzee wa miaka 77, angalau mara moja kila miezi miwili. Kwetu mzee angekwenda kwa imamu au angeitisha kikao cha ukoo. Yule alikwenda mahakamani.

Chukua ndoa. Kwa kuwa wengi walitaka huyo mmoja awe wa kiume, hesabu ya watu ya 2020 ilikuta wanaume wanawazidi wanawake kwa zaidi ya milioni 34. Vijijini mahari yamepanda hata mahakama kuu ikatoa mwongozo wa kesi za mahari, ulioanza Februari 2024. Na juu ya mahari, mvulana hutarajiwa awe na nyumba. Mahari yao huenda kwa wazazi wa msichana, si kama yetu kisheria ambayo ni haki ya bibi harusi mwenyewe, ingawa sisi nasi, tukiongeza mkaja na kilemba na ukumbi, hatuna ubavu wa kumcheka mtu. Matokeo ni kwamba ndoa zilizosajiliwa mwaka 2013 zilipita milioni 13, na mwaka 2024 zilikuwa kama milioni 6.1.

Masomo nayo yamebeba mzigo huohuo: ukiwa na mtoto mmoja, hakuna wa pili atakayefaulu wa kwanza akianguka. Wazazi walimwaga pesa kwenye tuisheni hadi serikali ikapiga marufuku biashara hiyo mwaka 2021. Wengi waliendelea kwa siri. Sheria yetu ya Elimu ya Msingi ya 2013 nayo imekataza tuisheni za likizo, na kila mzazi anayesoma hapa anajua mwanawe alikuwa wapi Agosti.

Serikali imegeuka tangu zamani. Mwaka 2016 iliruhusu watoto wawili, mwaka 2021 watatu. Watu hawakuzaa. Mwaka 2016 walizaliwa milioni 17.86, mwaka 2023 walizaliwa milioni 9.02. Mwaka 2022 idadi ya watu ilipungua kwa mara ya kwanza tangu njaa kuu ya 1959 hadi 1961. Ukiwauliza vijana kwa nini, watakutajia kodi ya nyumba, saa za kazi, na wazazi wanne wanaowangojea.

Nilimweleza mpwa wangu haya mpaka chai ikapoa. Akaniambia kuna kitu walifundishwa darasani ambacho hakukielewa: mtoto wa Kichina akikutana na mwanamume asiyemjua barabarani humwita shushu, yaani ami. Akadhani ni adabu tu, kama yetu. Alichukua kalamu akaandika kitu pembeni ya lile neno, kwa Kichina, na sikujua kukisoma.