Agosti Huwadanganya Wapanda Nyiragongo

Wageni wa Ulaya walikuwa wakitujia kwa wingi mwezi wa saba na wa nane. Ndiyo likizo yao: shule zimefungwa, jua kwao linachelewa kuzama, na theluji imekwisha kuyeyuka kwenye njia za milima yao. Walifika Goma, mashariki mwa Kongo, wakiwa na hakika kwamba wamechagua vizuri, kwa kuwa kila aliyewashauri aliwaambia kiangazi chetu ni Juni hadi Agosti. Mimi niliyewabebea mizigo kutoka Kibati hadi ukingo wa volkano ya Nyiragongo nilikuwa nanyamaza. Mbeba mizigo habishani na mtu aliyekwisha kulipa dola 300 za kibali. Siku hizi nashona viatu hapa Mabanga, mtaa wa Goma, na hakuna anayenilipa ninyamaze, basi niseme: Agosti ina hila zaidi kuliko watu wanavyodhani, na Novemba haistahili sifa mbaya yote inayopewa.

Kwanza tuelewane kuhusu mlima wenyewe. Kilele cha Nyiragongo kiko mita 3,470 juu ya usawa wa bahari. Ziwa Kivu, tunakochota maji, liko kwenye mita 1,460 hivi, na kituo cha Kibati, kando ya barabara ya Rutshuru, kinakaribia mita 2,000. Mpandaji basi alikuwa akipanda kama mita 1,500 kwa siku moja, kwa muda wa saa nne hadi sita kutegemea mapafu yake, akilala kwenye vibanda vya ukingoni, na kesho yake akishuka. Majira manne ya Wazungu hatuna. Tuko chini kidogo ya ikweta: mvua kubwa Machi hadi Mei, kiangazi Juni hadi Agosti, mvua tena kuanzia Septemba mpaka Desemba, kisha kiangazi kifupi Januari na Februari. Anayepanga safari kwa habari za Kilimanjaro ajihadhari hapo. Kule Septemba na nusu ya Oktoba bado ni wakati wa kupanda. Kwetu Septemba matope yamekwisha kuanza.

Njia inaanzia msituni. Udongo ni mweusi, wa volkano, umeshonwa kwa mizizi. Kiangazi hukauka ukawa unga laini wa kijivu, na kila mguu unaokutangulia unaurusha usoni mwako. Anayekula vumbi hilo ni wa nyuma, na wa nyuma ni sisi tuliobeba. Mvua ikianza, unga ule ule unageuka tope linalovuta kiatu mpaka kisigino kichomoke. Sisi tulivaa mabuti ya mpira, wageni wakatuonea huruma, wakidhani ni umaskini. Umaskini ulikuwepo, sikatai, lakini kwenye msitu ule mwezi wa kumi na moja buti la mpira linashinda kiatu cha ngozi cha bei yoyote. Na tope haliogopwi wakati wa kupanda. Linaogopwa kesho yake, wakati wa kushuka, magoti yamechoka na mtu anataka kuwahi gari.

Baada ya msitu unakutana na lava ya 2002. Tarehe 17 Januari mwaka ule mlima ulipasuka upande wa kusini, mpasuko ukateremka kutoka Shaheru, ile volkano ya zamani iliyo ubavuni, hadi karibu na uwanja wa ndege. Lava ikakata mji katikati na kuingia ziwani, na watu zaidi ya laki moja wakabaki bila nyumba. Leo njia inapita juu ya mabaki hayo: vipande vyepesi, vyenye vitobo na makali, vinavyobiringika chini ya mguu kama makaa yaliyomwagika kutoka kwenye chukudu, baiskeli yetu ya mbao. Hapo utasikia wageni wakianza kunyamaza.

Jambo ambalo wengi hawalitegemei ni kwamba kwenye lava mvua haifanyi tope. Maji yanapenya kati ya mawe na kupotea. Mwezi wa kumi na moja, mtu aliyetoka msituni akiwa na kilo mbili za tope kila mguu hapo anapumua. Aangalie tu yale mawe yaliyoota ukungu wa kijivu, maana yakilowa huteleza. Lava inakuwa mbaya kiangazi. Jua la saa sita linapiga jiwe jeusi, jiwe linarudisha joto, hakuna mti wa kukupa kivuli, na njia nzima kutoka Kibati hadi juu haina chemchemi wala kijito. Mawe yale yale yanayoficha tope yanaficha na maji ya kunywa. Kila tone utakalokunywa, na la kupikia usiku, linatoka chini mgongoni mwa mtu. Lita mbili hazitoshi mwezi wa nane. Beba nne, au mlipe mtu azibebe.

Kwa kuwa sasa viatu ndiyo kazi yangu, niruhusiwe niseme neno hapa. Kiatu kinachobanduka soli kwenye lava si lazima kiwe cha bei rahisi. Mara nyingi ni kile cha bei kali kilichokaa kabatini miaka mingi bila kuvaliwa. Povu la ndani ya soli huzeeka lenyewe, likawa kama limeoza, na mwenyewe hajui mpaka siku anapolitia kwenye mawe ya moto. Tulikuwa tunatembea na vipande vya mpira wa tairi mfukoni kwa ajili ya kufunga soli za wageni. Vaa kiatu chako mwezi mzima mjini kabla ya kukipandisha mlimani. Kikikufia Mabanga utanikuta hapa na uzi wangu. Kikikufia karibu na Shaheru utashuka na tairi.

Kutoka Shaheru kwenda juu, kinachoamua safari yako ni saa. Misafara ilizoea kuondoka Kibati kama saa nne asubuhi. Miezi ya mvua, asubuhi huwa nyeupe na mbingu zinafunguka. Mawingu yanaanza kujikusanya saa saba, na saa tisa yanamwaga. Fanya hesabu: aliyetoka saa nne anafika sehemu iliyo wazi kabisa, juu ya miti, saa ile ile radi inapoanza kazi. Na radi zetu si za mchezo. Vipimo vya setilaiti vilivyotolewa 2016 viliiweka Kabare, kule Kivu ya Kusini, nafasi ya kwanza Afrika na ya pili duniani kwa wingi wa radi, baada ya Ziwa Maracaibo la Venezuela: zaidi ya miale 200 kwa kila kilomita moja ya mraba kwa mwaka. Wala usiseme radi ni ya Novemba tu. Februari 2020, katika hifadhi ya Mgahinga upande wa Uganda wa milima hii hii, sokwe wanne wa milimani walikutwa wamekufa, na dalili zote zilionyesha radi. Februari, wakati ambao sisi tunauita kiangazi. Mlinzi mmoja mzee wa mbuga alikuwa akituambia, "Wadogo zangu, mlima hausomi kalenda." Akisikia ngurumo ya kwanza alisimamisha msafara mzima pale Shaheru, wageni wakanung'unika, naye akawasha sigara.

Kipande cha mwisho ni kikali: mwamba mtupu, mawe yanayochomoka, upepo unaosukuma mzigo upande. Mvua ya mawe hapo ni jambo la kawaida, na kuna asubuhi tulizoamka tukaona mlima Karisimbi, wenye mita 4,507, ukiwa na kofia nyeupe. Sasa nirudi kwenye hila ya Agosti. Ukipanda mita 1,000, joto hupungua nyuzi kama sita au zaidi. Kati ya Goma na ukingo wa Nyiragongo kuna mita 2,000, kwa hiyo tofauti ni nyuzi kumi na mbili hivi kabla hujahesabu upepo. Miezi ya mvua mawingu mara nyingi hufunika mlima usiku na kuubakizia joto kidogo. Kiangazi mbingu ziko wazi, joto lote linapaa, na alfajiri maji ya kwenye chupa yanaumiza meno. Mgeni aliyepanda kwa kaptura, akatokwa jasho kwenye lava, anafika juu na shati limelowa, anakaa kutazama moto ulio shimoni mwa volkano. Baada ya nusu saa anatetemeka. Kutetemeka si shida kubwa bado. Shida ni anapoacha kutetemeka huku baridi iko pale pale, anaanza kukokota maneno na kukataa kuingia ndani. Huyo asibishiwe. Avuliwe nguo mbichi, avikwe kavu, aingizwe kwenye blanketi, apewe chai ya moto yenye sukari nyingi na mtu wa kukaa naye.

Ukingo wenyewe haujali mvua wala jua. Ni ukuta unaoshuka wima mamia ya mita, na mwaka 2007 mtalii mmoja alianguka ndani akafa. Usisogee pembeni kwa ajili ya picha.

Na picha zenyewe? Hapa Novemba inalipiza. Julai na Agosti mashamba yanachomwa kote, moshi na vumbi vinatanda, na kutoka juu huoni hata ziwa. Unaona ukungu wa rangi ya majivu na kuambiwa kwamba Goma iko huko chini. Mvua ikishaosha hewa, alfajiri ya Novemba unaliona Ziwa Kivu lote hadi kisiwa cha Idjwi, milima ya Mikeno na Karisimbi upande wa mashariki, Nyamulagira upande wa pili, na usiku taa za Goma na za Gisenyi ya Rwanda zimeungana bila mpaka. Wageni wa Novemba walipanda wakilaani, wakashuka wakicheka. Wa Agosti walifanya kinyume.

Moshi wa mlima nao una njia yake. Mara nyingi upepo unaupeleka magharibi, ndiyo sababu mazao ya upande wa Rusayo yanaungua na mabati yao hayadumu. Upepo ukigeuka, kikohozi kinaanza ukingoni na macho yanachoma. Mvua ikipita ndani ya moshi huo inakuja na uchachu, unausikia mdomoni. Kitambaa chenye maji puani kinasaidia kidogo, lakini mwenye pumu asijaribu. Na kwenye mabonde ya lava huku chini, kuelekea Sake hasa, kuna mazuku: hewa ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini, nzito kuliko hewa ya kawaida, inayokaa shimoni bila rangi wala harufu. Ukiona ndege au mbuzi wamelala kwenye kibonde asubuhi isiyo na upepo, usishuke kuwatazama.

Kuna msimu mwingine ambao hakuna kiangazi wala mvua inayoutabiri. Mlima ulilipuka 10 Januari 1977, 17 Januari 2002 na 22 Mei 2021. Safari hii ya mwisho lava ilisimama ukingoni mwa mji, lakini ardhi iliendelea kutikisika, na tarehe 27 Mei tuliamriwa kuhama mitaa kumi, Mabanga ya Kaskazini na ya Kusini ikiwemo. Mama yangu aliitembea barabara ya Sake na godoro kichwani, akiuliza kama mlima huu niliozoea kuupanda haukuniambia kitu. Haukuniambia. Wanaoweza kuusikiliza ni wa Kituo cha Volkano cha Goma, wakiwa na mashine zinazofanya kazi na mtu wa kuzilinda, mambo mawili ambayo nchi yetu haijawapa kwa uhakika.

Tangu Machi 2020, janga la korona lilipofunga mbuga, sijabeba mzigo wa mtalii. Ulifuata mlipuko, kisha vita vikarudi barabara ya Rutshuru, na Januari 2025 waasi wa M23 wakaingia Goma. Vijana niliopanda nao wengine wanasukuma chukudu, wengine wanachoma makaa. Kuna watu watakaokuambia wanajua njia ya pembeni ya kukupandisha kimyakimya. Usiende nao. Bila mlinzi, bila redio na bila kibanda, hata mwezi mzuri kuliko yote unaua.

Ukiniuliza mwezi huo ni upi, nitasema nusu ya kwanza ya Juni. Mvua imekwisha, tope la msituni limeshikana lakini halijawa unga, na moshi wa mashamba haujaziba ziwa. Februari ni ya pili. Na siku njia itakapofunguka kwa amani, kabla hujalipia ile fimbo ya kuchongwa waliyokuwa wakiuza Kibati, mtazame mtu atakayebeba maji yako. Kama hana koti la mvua, mnunulie.