Damu Isiyoganda na Ukoo wa Mama: Hemofilia Katika Uwanda wa Makonde

Mwaka 1952 homa yenye maumivu makali ya viungo iliwaangusha watu wa Newala na Masasi, kusini mwa Tanzania, na dunia nzima ikaiita kwa jina walilolitoa Wamakonde wenyewe: chikungunya, yaani kinachokunja. Desemba ya mwaka huohuo, jarida la madaktari wa Uingereza lilieleza habari za mtoto Stephen Christmas, ambaye jina lake likawa jina la aina ya pili ya hemofilia, ugonjwa wa damu isiyoganda. Homa ya Newala ilitambulika kwa sababu iliwashika wengi kwa mpigo. Hemofilia nayo hukunja: damu huvujia ndani ya goti, goti huvimba na kuwa la moto, na ikirudiarudia gegedu hulika mpaka mguu haunyooki tena. Ila humkunja mmoja mmoja, na watu huiona kama balaa la nyumba moja. Nashikilia kwamba uwanda wa Makonde una chombo cha kuitambua tangu zamani, nacho ni hesabu ya ukoo kwa upande wa mama.

Mtu akijikata, protini kadhaa huamshana kwa zamu hadi damu igande. Akipungukiwa namba 8 ana hemofilia A. Akipungukiwa namba 9 ana hemofilia B, ile ya Christmas. Jeni za protini hizo zimo kwenye kromosomu X, na mvulana anayo moja tu, aliyopewa na mama. Mama mbebaji huweza kuwa mzima kabisa, lakini kila mwanawe wa kiume ana nafasi nusu kwa nusu ya kuugua. Baba mgonjwa hamrithishi mwanawe wa kiume, bali kila binti yake hubeba jeni hiyo. Ndiyo maana ugonjwa huonekana kuruka kutoka kwa mjomba kwenda kwa mpwa. Wamakonde, Wamakua na Wayao kwa jadi huhesabu ukoo kwa mama, na mjomba ana sauti juu ya watoto wa dada yake. Njia wanayoikumbuka wazee ndiyo njia inayopitiwa na hemofilia. Wayahudi waliiona njia hiyo mapema: Talmud inasimulia dada wanne wa Sepphoris. Watoto wa watatu wa kwanza walikufa baada ya kutahiriwa, na wa nne akaambiwa asimtahiri wake. Hapakuwa na maabara; palikuwa na kumbukumbu ya tumbo moja.

Wengine watasema huu ni ugonjwa wa wafalme wa Ulaya, wa kizazi cha Malkia Victoria. Hao wanajulikana kwa sababu habari zao ziliandikwa. Hemofilia A humpata takriban mvulana 1 kati ya 5,000 wanaozaliwa, wa taifa lolote. Sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 1.6 mkoani Mtwara, ziliko Newala na Masasi. Piga hesabu mwenyewe. Ni kweli ukoo haumnasi kila mgonjwa, maana karibu theluthi moja hutokana na badiliko jipya la jeni. Pingamizi linalonigusa zaidi ni kwamba kutaja ukoo wa mama kutamtwisha mama lawama, pengine na tuhuma za uchawi. Lakini tuhuma hizo hukua palipo kimya. Mama hakuichagua jeni hiyo, naye aliipokea kama alivyopokea rangi ya macho. Na anayeuliza faida ya kujua ilhali dawa ni ghali na mabingwa wako Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, faida ipo hata kabla ya dawa: mtoto hatapewa aspirini, hatachomwa sindano ya msuli ovyo, hatang'olewa jino bila tahadhari, na hatakabidhiwa kwa ngariba.

Kwa hiyo, ndugu uliye ughaibuni, kabla ya jando lijalo piga simu umuulize bibi mzaa mama kama kuna mjomba au mwana wa dada aliyetokwa damu isikome. Jibu likiwa ndiyo, daktari wa hospitali ya Ndanda au ya Mkomaindo aambiwe, na kijana asitahiriwe mpaka damu yake ipimwe.