Dhiki Isiyokoma: Funzo la Samaki wa Maabara

Askari aliye lindoni asikiapo kishindo cha ghafla gizani, moyo humwenda mbio na misuli hukaza. Hali hiyo si aibu, bali ni ngao ya maumbile. Ubongo hutoa amri, homoni iitwayo kotisoli humiminika katika damu, na mwili huwa tayari kukabili hatari. Hatari ikipita, ubongo huamuru homoni hiyo ipunguzwe. Je, hutokea nini hatari inapokuwa haipiti?

Jibu mojawapo limepatikana kwa samaki mdogo wa mito na mashamba ya mpunga ya India na nchi jirani zake. Urefu wake ni sentimita 4 hivi, na ubavuni ana mistari kama ya punda milia. Mtaalamu George Streisinger wa Chuo Kikuu cha Oregon, Marekani, ndiye aliyefungua njia ya kumtumia maabarani katika miaka ya 1970. Homoni kuu ya dhiki ya panya si ile ya binadamu; lakini ya samaki huyu ni kotisoli hiyo hiyo.

Mwaka 2011 wataalamu wa Brazil walitangaza matokeo ya jaribio lililochukua siku 7 kwa baadhi ya samaki na siku 14 kwa wengine. Samaki hao walifukuzwa kwa wavu, wakasongamanishwa katika chombo kidogo, maji yao yakatiwa joto au baridi, au yakapunguzwa hata migongo ikabaki nje. Saa na aina ya usumbufu zilibadilishwa makusudi, kwani kiumbe huweza kuzoea taabu anayoitarajia. Matokeo yake, kotisoli iliongezeka, wasiwasi ukazidi na uwezo wa kujifunza ukapungua.

Jaribio jingine, lililotangazwa mwaka 2013 na wataalamu wa San Francisco, lilihusu samaki waliozaliwa na kasoro katika kipokezi cha homoni hiyo. Kwao ile amri ya kusitisha tahadhari haikufika. Walipotiwa katika tangi geni waliganda mahali pamoja badala ya kulichunguza. Hata hivyo, dawa ya fluoksetini, ambayo hutumika kutibu huzuni kuu ya binadamu, ilipotiwa katika maji yao, mwenendo wao ulirejea karibu na kawaida.

Ni kweli kwamba samaki si askari, wala tangi si kambi. Lakini majaribio hayo yanafichua kosa la wale wanaodhani kuwa mtu aliyeganda, aliyesahau maagizo au aliyejitenga na wenzake baada ya dhiki ndefu ni mwoga tu. Huenda mwili wake umepoteza uwezo wa kuizima king'ora iliyowashwa kwa sababu halali.

Kwa hiyo, kutangaza zamu mapema, kuhakikisha usingizi na kumpumzisha aliyekaa muda mrefu mahali pa hatari si kudekeza askari. Ni sehemu ya matunzo ya kikosi, sawa na kusafisha bunduki. Naye aliyelemewa hana budi kupelekwa kwa mganga mapema, kama apelekwavyo mwenye homa. Upinde ukivutwa siku zote bila kulegezwa, siku ya vita hukutwa umekwisha nguvu.