Sonona Inapomkuta Mgonjwa wa Moyo

Mgonjwa akisharuhusiwa kutoka wodini baada ya mshtuko wa moyo, kliniki humpima presha, sukari na lehemu. Ni nadra kuulizwa kama bado ana hamu ya kuzungumza na watu. Nyumbani nako, akinyamaza siku nzima, ndugu husema ni uchovu, utapita.

Huenda usipite. Mwaka 1993, Nancy Frasure-Smith na wenzake wa Montreal, Kanada, walichapisha utafiti wa wagonjwa 222 waliofuatiliwa kwa miezi 6 baada ya mshtuko wa moyo. Waliokuwa na sonona walikabiliwa na hatari ya kufa takriban mara 4 ya wenzao, hata baada ya ukali wa ugonjwa wa moyo kuzingatiwa.

Sonona huudhuru moyo kwa njia kadhaa. Homoni za msongo hukaa juu muda mrefu, uvimbe wa ndani huongezeka, na chembe sahani za damu huwa nyepesi kugandana. Damu ikiganda kwenye mshipa uliokwisha kuwa mwembamba, moyo unakosa oksijeni. Lakini njia ninayoihofia zaidi haihitaji maabara kuiona: mgonjwa haoni sababu ya kumeza dawa. Anaziruka, hatembei, anarudia sigara.

Je, kutibu sonona kunarefusha maisha? Hapa tusiahidi kupita kiasi. Utafiti mkubwa wa Marekani wa mwaka 2003, wenye wagonjwa 2,481, ulionyesha kwamba tiba ya mazungumzo ilipunguza sonona, ila haikupunguza vifo wala mishtuko mipya. Hiyo si sababu ya kumwacha mtu ateseke. Sonona ni ugonjwa wenye haki yake ya kutibiwa.

Kwenye dawa kuna tahadhari. Amitriptilini, inayopatikana kwa urahisi kwenye vituo vyetu vingi kwa kuwa ni ya bei nafuu, inaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Sertralini imechunguzwa kwa wagonjwa wa moyo na kuonekana salama zaidi. Anayetumia amitriptilini asiiache ghafla. Amweleze daktari wake wa moyo.

Ndugu anaweza kuanza na maswali mawili: katika wiki 2 zilizopita, umekuwa na huzuni au kukata tamaa mara kwa mara? Umepoteza hamu ya mambo uliyoyapenda? Jibu likiwa ndiyo hata kwa moja, litajwe kliniki. Akizungumzia kujiua, apelekwe hospitali siku hiyohiyo, na asiachwe peke yake.