Unanisikia? Ova! Redio za mawasiliano kwa wawili wapendao milima

Hebu vuta picha hii. Ni Jumamosi, saa tano asubuhi, umekaa juu ya jiwe pale Morning Side, na mji wa Morogoro umetandazwa chini yako kama mkeka. Goti limegoma. Mwenzako ameendelea na kundi kuelekea Bondwa, kile kilele chenye minara ambacho ukiwa mjini unakiona asubuhi kabla ukungu haujakificha. Mmeagana kwa utani. Nusu saa baadaye wingu linashuka, miti inapotea mmoja mmoja, na ukimpigia simu unajibiwa na yule dada tunayemfahamu sote: namba unayopiga haipatikani kwa sasa.

Aliyekuwa juu ya jiwe hilo ni mimi. Mkononi nilikuwa na redio ya mawasiliano, moja kati ya mbili ambazo shemeji alituletea zawadi kutoka Marekani. Kwenye boksi waliandika kwamba zinafika maili 35. Hizo ni kama kilomita 56, karibu theluthi ya safari ya kwenda Dar. Mume wangu hakuwa amefika hata kilomita nne kutoka nilipo. Nikabonyeza kitufe, nikaita. Jibu: shhhhhh.

Sikujua la kufanya, nikasimama na kuchechemea hatua kama mia moja hivi hadi kwenye ukingo ulio wazi, mahali ambapo mteremko haukunizibia kilele. Nikaita tena. Safari hii sauti ikaja, vipande vipande. Mwenzetu mmoja ameteleza, kifundo cha mguu kimevimba, hawezi kukanyaga. Wao walikuwa na redio bila simu, mimi nilikuwa na redio na simu yenye mtandao. Nikampigia mwenyeji wetu mjini, vijana wakapanda na machela ya miti, na kufika jioni jamaa alikuwa hospitali akilaumu viatu.

Tangu siku hiyo marafiki wananiuliza wanunue redio gani. Swali zuri, ila mimi huwajibu kwa swali: ukiita, nani atasikia? Simu ya mkononi ina mnara unaokuhangaikia usiku na mchana. Redio haina. Mnara ni wewe na mwenzako, na mahali mlipoamua kusimama.

KILICHOANDIKWA KWENYE BOKSI

Tuanze na huo umbali, maana ndio unaouza. Mawimbi ya redio hizi ndogo husafiri karibu kama macho yanavyoona. Ukisimama uwanja tambarare na redio usawa wa mdomo, upeo wako unaishia kama kilomita tano. Mwenzako naye ana tano zake. Jumlisha: kumi, kwa hesabu ya karatasi, bila nyumba, bila miembe, bila kichuguu. Maili 35 hupatikana mmoja akiwa kileleni na mwingine chini kwenye uwazi mtupu. Hawajadanganya, ila wamechagua siku yao nzuri.

Sasa chukua hesabu hiyo uipeleke Uluguru. Mji uko kama mita 500 juu ya usawa wa bahari, Bondwa inapita mita 2,100 na Kimhandu, kilele kirefu kuliko vyote, inapita 2,600. Aliyesimama Bondwa akiutazama mji anaongea na mtu wa mjini kwa redio ndogo kabisa, kwa sababu katikati yao kuna hewa tu. Lakini mtu huyohuyo akishuka upande wa pili, kuelekea vijiji vya mashariki kama Kinole, mlima wenyewe unakuwa ukuta. Ongeza wati utakavyo, mlima hauhongeki. Ndiyo maana hatua zangu mia moja zilifanya kazi ambayo betri mpya isingefanya.

Kwa hiyo muuzaji akikwambia "hii ina wati nane, dada, hii ndiyo yenyewe," tabasamu. Kutoka wati moja hadi nne tofauti ipo, inasaidia kusafisha sauti iliyokuwa inakatikakatika, lakini haikupi umbali mara nne. Kupanda kichuguu kunakupa zaidi, na ni bure.

VHF AU UHF?

Hapa ndipo wengi wanapochanganyikiwa, na wala si jambo gumu. Redio nyingi za mkononi ziko katika makundi mawili. VHF, kuanzia kama megahezi 136 hadi 174, ina wimbi refu, na porini majani mabichi hayaisumbui sana. UHF, kuanzia kama 400 hadi 470, ina wimbi fupi, antena yake ni fupi, na hupenya vizuri zaidi kwenye majengo. Kama shughuli zenu ni kumbi za harusi na maghorofa, UHF. Kama ni misitu ya Uluguru, ambako upande wa mashariki mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka na kila jani limelowa, VHF. Zipo pia zinazobeba yote mawili, na kwa mtu anayeanza hizo ndizo zinazovutia.

Hapo lazima nimtaje Baofeng UV-5R, redio ya Kichina iliyoingia sokoni mwaka 2012 na kushusha bei ya mchezo huu duniani kote. Ni ya VHF na UHF, ina tochi, inashika hata FM. Nimewahi kuishika na inafanya kazi. Tatizo ni kwamba inaruhusu vidole vyako kwenda kwenye masafa ambayo si yako, na muziki wake haustahimili maji. Ukiwa na hela ya ziada, angalia yenye alama ya IP67 au IPX7: maana yake inavumilia kuzama mita moja kwa nusu saa. Usipokuwa nayo, beba mfuko usiopitisha maji. Zamani tungesema rambo tu, lakini mifuko ile ilipigwa marufuku Juni 2019, kwa hiyo jipange.

Betri nayo inaniuma zaidi ya vyote, kwa sababu ndiyo inayowaangusha watu saa kumi jioni. Betri ya kuchaji ni nyepesi na ina nguvu, ila ikiisha Tegetero imeisha. Mimi napenda redio inayokubali pia kasha la betri za AA, hizi za saa ya ukutani, maana duka lolote la kijijini linazo. Na muulize muuzaji kama chaja inatumia waya wa USB wa kawaida. Chaja ya kitako peke yake ni mzigo.

Halafu kuna mtego mmoja unaozidi kuenea. Utaona redio nzuri, skrini ya rangi, muuzaji anasema inafika "nchi nzima". Fungua nyuma. Ukikuta mahali pa kuweka laini ya simu, jua kwamba hiyo ni simu iliyovaa nguo za redio. Inatumia minara ya kampuni za simu, na pale simu yako inaposema haipatikani, nayo haipatikani. Kwa gari la kampuni linalopita barabara kuu ni kifaa kizuri tu. Kwa bonde la Uluguru ni urembo.

SHEMEJI ASIISOME HII

Zile redio zetu mbili sasa ziko kabatini. Tulipanda nazo kwanza, tukauliza baadaye, kama wengi mnavyofanya. Redio za aina ile hutumia masafa ya megahezi 462 na 467, ambayo Marekani imewaachia raia wake wayatumie bila leseni. Ulaya wana 446, kwa nguvu ya nusu wati. Hizo ni ruhusa za kwao. Hapa kwetu masafa yanasimamiwa na TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, na masafa hayohayo yanaweza kuwa ya kampuni ya ulinzi au ya kazi nyingine unayoivuruga bila kujua. Kabla hujatoa hela, waulize TCRA mambo mawili: je, modeli hii imeidhinishwa, na ninahitaji leseni gani? Kenya swali hilohilo linapelekwa kwa Mamlaka yao ya Mawasiliano.

Kwa wawili wanaopanda mlima mara tatu kwa mwaka, njia rahisi ni kwenda na waongozaji wenye redio na leseni yao, na kuwaomba redio moja ibaki na anayesubiri chini. Mkipata kibali cha kuingia Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru, ulizeni pia njia ipi ina mawasiliano na ipi haina. Wanaoijua misitu ile watakujibu kwa kukuonyesha kidole, bonde kwa bonde.

WANAOPENDA REDIO KWA MAPENZI TU

Kuna watu wanaoweka redio nyumbani kama wengine wanavyofuga kuku wa urembo. Wanaitwa waendeshaji wa redio za ridhaa. Wanakuwa na leseni na alama ya kuitana hewani, na ya Tanzania huanzia na 5H, Uganda 5X, Kenya 5Z. Kwa mawimbi marefu, yanayogonga tabaka la juu la anga na kurudi ardhini, wanaongea na Brazil au Japani bila mnara hata mmoja. Hata kituo cha anga za juu, ISS, kina redio ya ridhaa, na sauti yake hushuka kwenye megahezi 145.800. Kinapopita juu yenu mna kama dakika kumi za kusikiliza. Sikatai, kwa mtoko wa jioni ni wa ajabu kidogo, lakini nimeshakaa kwenye mitoko ya ajabu zaidi na bili ilikuwa kubwa.

Mapenzi haya yana faida siku ya shida. Tsunami ilipopiga Bahari ya Hindi tarehe 26 Desemba 2004, timu ya redio za ridhaa ilikuwa Port Blair, visiwa vya Andaman, kwa shughuli zao za kawaida. Simu zilipokatika wakageuka kuwa sauti ya kisiwa, wakipitisha habari za waliopona. Na sisi tusijione tuko mbali. Wazee wetu wanaikumbuka simu ya upepo ya misheni na polisi, na tangu miaka ya 1960 AMREF iliunganisha hospitali za porini na madaktari wake wa ndege kwa redio. Mafuriko ya Kilosa, mwishoni mwa 2009 na Januari 2010, yalibomoa reli ya kati hapahapa mkoani. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari zilikatika na intaneti ikayumba Afrika Mashariki nzima. Ulikuwa wapi siku hiyo? Mimi nilikuwa nawasha na kuzima simu kama chizi.

MKUBALIANE KABLA YA KUPANDA

Redio hizi zina tabia moja ambayo washauri wa ndoa wangeilipia. Anayebonyeza kitufe hasikii. Mkibonyeza wote, hakuna anayesikia. Ndiyo maana ya kusema "ova": nimemaliza, zamu yako. Bonyeza, subiri sekunde moja, ndipo useme, la sivyo neno la kwanza linaliwa, na neno la kwanza mara nyingi ndilo "usi-". Fikiria "usishuke" ikifika kama "shuke".

Sisi sasa tuna makubaliano yaliyoandikwa kwenye karatasi, moja mfukoni kwa kila mtu. Chaneli ya kwanza na ya akiba. Kila saa kamili redio zinawashwa kwa dakika tano, halafu zinazimwa kulinda betri. Ukikosa jibu, songa mahali pa wazi, simamisha antena wima, ita tena. Ukikosa saa mbili mfululizo, aliye chini anapiga simu: kwa mwenyeji kwanza, kisha 114 ya Zimamoto na Uokoaji au 112 ya Polisi. Hakuna kusubiri kwa kuona aibu. Na msimwage siri zenu hewani. Zile "kodi za faragha" kwenye redio huzuia wewe kusikia wengine tu, hazizuii wengine kukusikia wewe. Kuna jioni moja mume wangu aliniita jina la nyumbani, na sauti ya mzee fulani ikajibu, "Mama hayupo, ova."

Mwezi ujao tunapanda treni ya SGR Ijumaa jioni, tunalala mjini, kisha tunakwenda upande wa Mgeta, tukatembee Bunduki. Mwongozaji ameahidi redio mbili za VHF. Goti langu limepona, kwa hiyo zamu hii ni yeye atakayekaa kwenye jiwe.