Daladala na Machinga: Msamiati wa Mji Baada ya Ujamaa

Mji unapobadilika, lugha ya wakazi wake hubadilika nao. Makala haya yanaeleza jinsi maneno mawili, daladala na machinga, yanavyohifadhi historia ya Dar es Salaam tangu siasa ya Ujamaa ilipoanza kulegea.

Kufuatia Azimio la Arusha la 1967, njia kuu za uchumi zilimilikiwa na dola. Usafiri wa jijini ulikuwa mikononi mwa shirika la umma, UDA. Mabasi yalipopungua, mwaka 1983 serikali iliwaruhusu watu binafsi kubeba abiria. Nauli ilikuwa shilingi tano, yaani dala kwa lugha ya mitaani, na utingo akawa akiinadi: dala! dala! Bei ikageuka jina la chombo.

Machinga, kwa upande wake, ni jina la mahali mkoani Lindi. Vijana wa kusini walikuja jijini kuchuuza bidhaa mkononi, hasa baada ya biashara kufunguliwa enzi za Rais Ali Hassan Mwinyi, aliyepewa lakabu ya Mzee Ruksa. Hatimaye kila mchuuzi akaitwa machinga, hata asiyewahi kufika Lindi.

Maneno haya hayakusanifiwa na baraza lolote, yalizaliwa barabarani. Hata hivyo, hatima zake zimetofautiana. Daladala zilipangiwa njia na vituo, ilhali machinga waliondolewa kando ya barabara mwaka 2021. Kwa hiyo, ruksa ya kuuza haikuwa ruksa ya mahali pa kusimama.